Nilivyopanga safari ya pikipiki na hema Kondoa mvua zikiwa zinabisha hodi

Kwa mtu wa Dodoma anayependa kulala porini na pikipiki, mwisho wa Novemba ndio wakati mgumu kuliko wote, na ndio ninaoupenda zaidi. Mibuyu imeshachipua majani, vumbi limetulia kidogo, na upepo wa jioni una harufu ya mvua. Tatizo ni kwamba mvua yenyewe haina ahadi. Inaweza kunyesha leo ikapotea kabisa, au ikamwagika usiku mmoja ukadhani ni Machi. Mimi na shemeji yangu, dereva wa bodaboda pale Majengo, tulitaka kwenda Kolo kwenye michoro ya miambani, halafu tuvuke upande wa magharibi hadi Farkwa, kwa Wasandawe. Tangu mwanzo nilimwambia: shemeji, safari hii hatuhesabu kilomita, tunahesabu makorongo.

Sababu ni hii. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba mwishoni au Desemba na kwisha Aprili. Ukipanda kaskazini kuingia Manyara unakuta watu wa vuli, ambao mvua zao huanza Oktoba. Mto Bubu unatokea nyanda za juu za huko, unashuka Kondoa na Chemba, unaishia kwenye kinamasi cha Bahi. Kwa hiyo unaweza kuwa umesimama kwenye mchanga mkavu, jua linakuchoma utosi, na mvua iliyowanyeshea watu wengine jana iko njiani inakufuata.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Milima ya Kondoa ililiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Miti imerudi sehemu nyingi, lakini makorongo yaliyochimbwa zamani bado yapo, mapana na yenye kingo za kusimama wima. Mvua ikipiga juu, maji hayana pa kusubiri.

Nilianza na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nilisoma utabiri wa msimu kwa mikoa yetu, na ule wa vuli pia, kwa ajili ya Manyara. Wengi huishia kwenye utabiri wa mji wanaotoka, na kwa safari ya namna hii hautoshi. Wiki ya kuondoka nikawa naangalia kila jioni taarifa ya siku tano, ile inayotoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Wanapotaja mvua kubwa wana maana ya zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Sehemu nyingi za Dodoma hupata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, kwa hiyo siku moja ya namna hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya mvua ya mwaka. Tulikubaliana kwamba tahadhari ikitolewa kwa Dodoma au Manyara, hatutoki.

Kazi iliyonipa faida kubwa zaidi aliifanya shemeji, kwa simu. Aliwatafuta bodaboda wenzake wa Kondoa na Chemba akawauliza: korongo gani lina daraja, lipi ni la mchanga mtupu, na wapi kuna udongo mweusi wa mbuga. Ramani ya kwenye simu inakuonyesha barabara, haikuonyeshi kwamba mita mia tatu za barabara hiyo zikilowa zinageuka gundi. Majibu yote niliyaandika kwenye daftari, na kila kipande cha njia nikakiwekea mahali pa kugeukia. Tukaweka na saa: barabara ya vumbi tunamaliza kabla ya saa saba mchana, kwa sababu kipindi hiki mawingu hujengeka na joto la mchana na kupasuka alasiri.

Mizigo sitaieleza sana. Kila kitu kisichotakiwa kulowa kiliingia kwenye mfuko wa nailoni, halafu kwenye kiroba, mdomo ukasokotwa, ukakunjwa na kufungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu, ambao unabana kuliko kamba yoyote niliyowahi kununua. Tulibeba pampu, viraka, spana, plagi ya akiba na dumu la petroli, maana ya chupa vijijini huwezi kuitegemea. Shemeji aliinua madigadi ya mbele ya pikipiki zote mbili kwa kuongeza washa kwenye nati. Udongo mweusi ukijaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, na pikipiki yenye mzigo inakuangusha papo hapo. Kijiti cha kukwangulia tope alikifunga kwenye usukani, mahali mkono unapofika bila kushuka.

Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018, imerahisisha mambo sana. Tulipita Mayamaya na Haneti asubuhi na mapema, na Kolo tukafika mchana bado mbichi. Ofisi ya mambo ya kale iko hapo hapo kijijini, unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Michoro hiyo iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ukisimama chini ya mwamba ukaona wale watu wembamba wa rangi nyekundu na vichwa vyao vikubwa, unaelewa mara moja. Njia ya kufika kwenye michoro inakatiza mto wa mchanga. Mwongozaji alituuliza tumeangalia mawingu ya juu? Nilifurahi sana kusikia swali hilo kwa mwenyeji.

Kesho yake tukaelekea magharibi. Kabla ya korongo moja kubwa linaloingia Bubu, lisilo na daraja, tulisimama kwa mwenyekiti wa kitongoji kujitambulisha. Mgeni akilala kwenye eneo la kijiji bila kusema, anawatia watu wasiwasi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Mnataka kuvuka leo?”

“Ikikubalika, mzee.”

Alitupeleka ukingoni. Chini kulikuwa kukavu kabisa, mbuzi wakipita. Akatuonyesha kwa fimbo mti wa miiba ulioota ubavuni mwa korongo. Kwenye matawi, usawa wa kifua changu, kulikuwa na majani makavu, vijiti na kipande cha kandambili vimenasa vikaelekea upande mmoja. “Hapo ndipo maji yalipofika,” akasema. “Na kaskazini jana jioni palikuwa pakimulika radi.”

Kwenye daftari nilikuwa nimeandika kwamba radi ikionekana kaskazini usiku wa kuamkia hapa, tunalala upande wa mashariki. Hatukubishana. Tulipiga hema nyuma ya kijiji, kwenye changarawe yenye mteremko mdogo, mbali na mbuyu, kwa sababu ya radi na matawi yake mazito. Mlango tukaugeuzia upande usio na upepo.

Alfajiri mvua haikuwa imegusa hema. Anga lilikuwa jeupe. Tukasikia mngurumo, kama lori linalopanda mlima, tukakimbilia ukingoni pamoja na watoto wa kijiji. Maji yalikuja taratibu kuliko nilivyotegemea, ulimi wa povu la kahawia unaosukuma mavi ya ng'ombe, magome na majani makavu mbele yake. Nyuma ya ulimi huo yalipanda haraka. Tulipomaliza kunywa chai, mizizi ya ule mti wa miiba haikuonekana tena.

Mzee alisema yanaweza kupungua jioni, au yasipungue. Tukageuza asubuhi ile ile, tukapita kipande cha udongo mweusi kikiwa bado kikavu, na kabla ya saa sita tulikuwa kwenye lami. Wingu lilipasuka tukiwa Haneti, chini ya bati la mama ntilie, tukila ugali na mlenda.

Farkwa tumeipangia Julai, makorongo yakiwa makavu huku na huko juu. Daftari ni lile lile. Tutaongeza mablanketi mazito, na mzee ametuomba tumletee mbegu za mtama unaokomaa mapema ili awe nazo mkononi msimu ukianza.