Nilivyoiweka sawa sauti ya beni yetu ya watu wazima

Beni yetu ina wapigaji 14: tarumbeta 4, tromboni 2, klarineti 2, saksafoni alto 2, fluti 1, tuba 1 na wapiga ngoma 2. Kila mmoja akipiga peke yake, husikii tatizo. Wakiungana, sauti ilikuwa tope. Nilikuwa nikidhani dawa ni mazoezi zaidi, kumbe kazi kubwa ilikuwa kwenye namna tunavyolinganisha sauti kabla ya kupiga wimbo wa kwanza.

La kwanza ni majina ya noti. Waambie watu wazima wasiosomea muziki pamoja "pigeni C" uone fujo: fluti, tromboni na tuba zitatoa C ya piano, tarumbeta na klarineti zitatoa B flati (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni), na alto zitatoa E flati. Hakuna aliyekosea, ala zimetengenezwa hivyo. Kwa hiyo sitaji noti moja tena. Nataka B flati ya piano, na kila mtu ameandikiwa kwa penseli juu ya karatasi yake noti anayopaswa kusoma: tarumbeta na klarineti C, alto G, fluti, tromboni na tuba B flati. Ukiwa na horni ya F, yeye anasoma F.

La pili ni joto. Kila nyuzijoto moja inayoongezeka kwenye hewa iliyo ndani ya bomba hupandisha sauti karibu senti 3. Senti hizi ni za muziki, si za mfukoni: nusu toni moja, yaani hatua kati ya kibao kimoja cha piano na kinachokifuata, ina senti 100. Ala iliyotoka mfukoni sasa hivi iko chini, na ikipulizwa inapanda. Ukilinganisha ala zikiwa baridi, baada ya robo saa zimeachana tena, maana bomba dogo la fluti hupata joto mapema na tuba huchelewa. Tunapuliza noti ndefu na skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio) za polepole kwa dakika 10, ndipo tunalinganisha. Wapo wanaoliona hili kama kupoteza muda. Lakini beni inayolinganisha mara moja ikiwa na joto hupoteza muda kidogo kuliko ile inayolinganisha mara nne ikiwa baridi.

Tunaanza na tuba. Sauti nzito ndiyo sakafu, na sikio hupima kwa urahisi kutoka chini kwenda juu. Tuba inashika B flati, tromboni wanaingia, kisha tarumbeta, alto, klarineti, na fluti mwisho. Anayesubiri zamu anaiimba noti kwa mdomo kwanza, kwa sauti ndogo, ndipo aipulize. Anayeweza kuiimba noti huipiga karibu sana na mahali pake. Anayeitafuta kwa midomo huhangaika.

Sasa sikiliza kwa makini wapigaji wawili wakishika noti moja. Mmoja akiwa kwenye mitetemo 233 kwa sekunde na mwingine 235, utasikia sauti ikivimba na kunywea mara mbili kila sekunde: wa-wa, wa-wa. Wakikaribiana, mapigo hayo yanapungua mwendo, kisha yanatoweka na sauti inasimama wima. Mpigaji mpya husikia mapigo ila hajui aende juu au chini. Namwambia avute mrija wake, kipande cha bomba la ala kinachovutika, nje mpaka awe chini waziwazi, halafu auingize taratibu hadi mapigo yafe. Huko kubahatisha kunakwisha. Simu yenye programu ya kupima sauti namwachia wa tuba peke yake. Wote wakikodolea macho simu, masikio yanalala.

Kiasi cha kuvuta hutegemea ala, na hapa wengi huteleza. Tarumbeta ina bomba la takriban mita 1.5, ukivuta mrija mkuu sentimita 1, umeongeza sentimita 2 za bomba, kwenda na kurudi, na sauti inashuka kama senti 23. Tuba ya B flati ina zaidi ya mita 5, kwa hiyo sentimita hiyohiyo haifiki hata senti 7. Mpiga tuba anayevuta kwa woga wa mpiga tarumbeta hatabadilisha kitu. Klarineti nayo haina mrija. Unaachanisha kipande kifupi kilicho chini ya kipulizio kwa milimita 1 au 2 tu.

Hata baada ya hapo, tarumbeta itakusaliti kwenye D iliyo chini ya mistari mitano ya karatasi ya muziki, na C shapu (C iliyopandishwa nusu toni) iliyo chini yake itakusaliti zaidi. Vali ni kitufe kinachoiongezea ala kipande cha bomba: D hupigwa kwa vali ya kwanza na ya tatu, C shapu kwa zote tatu. Bomba la ziada la kila vali limepimwa kwa ala isiyobanwa vali nyingine. Ukibana mbili au tatu, ala imekuwa ndefu na nyongeza hizo hazitoshi tena, sauti inabaki juu. Ndiyo maana mrija wa vali ya tatu una pete ya kidole: sukuma nje kama sentimita 1 na nusu kwa D, karibu mara mbili yake kwa C shapu. Mrija uliokauka hautasogea wimbo ukiendelea, kwa hiyo grisi yake ipakwe kabla. Na ukitoa pistoni, vyuma vinavyopanda na kushuka ndani ya vali, kuzitia mafuta, kila moja irudi kwenye namba yake; zikibadilishana, hewa hukwama na mtu hudhani pumzi zake ndizo zilizokwisha.

Kuna ugomvi mwingine unaojitokeza pale beni inapoongeza nguvu. Klarineti ikipulizwa kwa nguvu huelekea kushuka, fluti hupanda. Wameanza pamoja, wanamaliza wamepishana. Tunalifanyia zoezi lake: noti moja, hesabu 8 kutoka ndogo hadi kubwa, hesabu 8 kurudi, fluti na klarineti wakitazamana.

Baada ya noti moja tunapiga kodi, yaani noti tofauti zinazopigwa kwa pamoja: tuba na tromboni B flati, alto na klarineti D, tarumbeta F, zote kwa majina ya piano. Wenye D nawaomba washuke kidogo, kama senti 14 chini ya pale simu inapodai ndipo. Wengi hubisha mpaka waisikie kodi ikitulia.

Mahudhurio ya watu wazima yana shida yake: leo ana zamu ya usiku, kesho mtoto anaumwa. Sauti yoyote ambayo wimbo hausimami bila yake naiandikia ala mbili. Besi ya tuba imeandikwa pia kwenye tromboni ya pili, kwa noti za maandishi madogo, na melodi ya tarumbeta ya kwanza ipo kwenye karatasi ya alto ya kwanza. Nyimbo zenye noti za juu naziweka katikati ya mazoezi ya saa mbili, kamwe si mwishoni. Midomo iliyochoka hugandamiza kipulizio kwenye meno, sauti inakuwa nyembamba na kupanda, na hapo hakuna mrija utakaokusaidia.

Wapiga ngoma hukaa nyuma ya tuba, si pembeni ya fluti. Tukipiga nje juani, mirija yote inavutwa kidogo kabla ya kutoka kivulini, na tunalinganisha upya baada ya wimbo wa pili.