Maghrib saa tisa unusu

Bibi alikuwa barazani anamenya muhogo wa futari, kompyuta yangu ikaadhini Maghrib. Jua liko juu ya minazi, Alasiri yenyewe ndiyo kwanza inakaribia. Akaweka kisu chini akanitazama. "Mjukuu wangu, hicho chombo chako kinataka kutufuturisha mchana?"

Kompyuta hiyo ya mezani niliachiwa na ami alipohama Wete. Ndani yake mna mifumo miwili ya kuendeshea kompyuta: Windows, anayotumia mdogo wangu kwa kazi za skuli, na Linux, ninayotumia mimi. Saa upande wa Linux ilinisumbua miezi. Nairekebisha kwa mkono usiku, kesho imeharibika tena. Fundi mmoja alinishauri nibadili saa za eneo niweke UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo. Ikakaa sawa kweli, mpaka nilipounga intaneti ya simu: ikajisahihisha, na kwa kuwa nimeidanganya ilipo, ikaonyesha saa tatu nyuma. Nikarudisha eneo la hapa, na ubovu wa zamani ukarudi nao.

Mimi nilikuwa naona tu kwamba saa ni mbovu, sikuwahi kuuliza imekosea kwa kiasi gani. Saa inayochoka hupotea kidogo kidogo, dakika mbili leo, tano baadaye. Yangu ilikuwa mbele saa tatu kamili, haizidi haipungui. Na saa tatu ndizo sisi wa Afrika Mashariki tulizotangulia UTC. Basi saa haikuwa mbovu. Kulikuwa na wawili wasioelewana.

Kwenye ubao mama wa kompyuta, yaani bodi kuu iliyo ndani yake, kuna saa ndogo inayotembea hata umeme ukizimwa. Haijui iko Pemba au London, inashika tarakimu tu. Linux huzisoma tarakimu hizo kama UTC, ikaongeza tatu. Windows huzisoma kama saa za hapa hapa. Mdogo wangu akiwa kwenye Windows, saa ile ndogo huandikwa 10:00 ikiwa ni saa nne asubuhi. Nikiwasha Linux muda huo huo, inaniambia 13:00. Kukiwa na intaneti Linux huuliza saa sahihi na mambo yakaisha. Siku ile bando lilikuwa limekwisha.

Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika timedatectl. Amri hiyo peke yake haibadilishi kitu, inaonyesha tu: saa ya hapa, saa ya UTC, saa ya ubao mama, na eneo. Nikahakikisha eneo liko mahali pake:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Usitafute Zanzibar kwenye orodha, haimo. Kisha nikanunua bando, nikawasha ulinganishaji wa intaneti kwa sudo timedatectl set-ntp true, nikasubiri hadi saa ikalingana na simu. Mwisho:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Hapo Linux inakubali kuisoma saa ya ubao mama kama Windows inavyoisoma. Ukiangalia tena timedatectl, utapewa onyo refu kwamba mtindo huu huleta matatizo kwenye nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kwa majira. Wataalamu wengi hupendelea kuibadilisha Windows isome UTC, na kwa mtu wa Uingereza ningesema hivyo hivyo. Sisi hatusogezi saa mwaka mzima, na mimi kuingia kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, ya mtu mwenye mitihani sikutaka.

Siku nne ikawa shwari. Umeme ukakatika usiku kucha, asubuhi Windows inasema ni mwaka 2010 na kivinjari kinakataa vyeti vya usalama vya kila tovuti. Kosa la miaka si la maelewano tena, ni betri ya ubao mama, inayoiendesha saa ile ndogo. Ni ile bapa ya duara, CR2032, ya volti 3. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikaipachua kwa ukucha na kuweka mpya.

Ukibadilisha betri lazima uingie BIOS, mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla mfumo haujawaka, uandike tarehe na saa upya. Nilimwachia mdogo wangu, nami nikaenda kuswali. Niliporudi saa ilikuwa nyuma saa sita kamili. Safari hii sikugusa hata terminali.

"Uliandika ngapi?"

"Si saa nne, kaka? Nimeandika 04:00."