Taa zilizonidanganya rangi ya fedha

Kilichonifanya nibadilishe taa za gereji si bili ya stima. Ni mlango wa nyuma, upande wa kushoto, wa gari la mwalimu mmoja, Toyota Fielder.

Gereji yangu iko Kariobangi Light Industries, Nairobi. Kazi yetu ni kunyoosha bodi za magari na kupiga rangi. Ni banda la mabati lililobanwa na mabanda mengine pande zote, halina dirisha hata moja, kwa hiyo taa huwaka tangu tufungue asubuhi hadi tufunge jioni. Nilipolichukua nilikuta fitingi nane za tyubu za futi nne, wati 36 kila moja. Mbili zilikuwa zimekufa. Zilizobaki zilikuwa nyeusi kwenye ncha na zilivuma kama nyuki waliofungiwa koponi. Jirani yetu huchomelea mageti, na kila akigusisha chuma zote zilififia, nyingine zikazimika na kuanza kupepesa upya.

Siku moja nikiwa mjini, karibu na barabara ya Luthuli, nikaona mchuuzi amepanga tyubu za LED, shilingi 250 kila moja. Nikauliza zinafungwaje. "Unatoa ya zamani, unaweka hii, kazi imeisha, mkubwa." Nikabeba nane. Nilizifunga mwenyewe usiku huohuo, juu ya ngazi, kijana wangu wa rangi akinishikia tochi. Sita ziliwaka, mbili zikakataa. Lakini banda liling'aa kiasi kwamba mama wa chai alipokuja asubuhi alisimama mlangoni akauliza kama tumehamia hospitali. Nikajiona mjanja.

Wiki iliyofuata mwalimu akaleta gari. Rangi yake ilikuwa ya fedha yenye chembe za metali, na kila mpiga rangi anajua hiyo ndiyo rangi ya kukutoa jasho. Tulinyoosha mlango, tukapaka fila ya kujazia mabonyeo, tukapiga msasa, kijana akalinganisha rangi jioni chini ya taa zetu mpya. Mimi mwenyewe niliangalia kwa mbele, nikaangalia kwa ubavu, nikasema piga. Ukikausha macho kuutafuta mpaka kati ya mlango na paneli ya nyuma, huuoni.

Asubuhi mwalimu akaja, gari limetolewa nje juani. Alilizunguka mara moja tu.

"Fundi, huu mlango mmeutoa kwenye gari lingine?"

Nilitamani nibishe, lakini hata mimi niliuona. Mlango ulikuwa umeelekea kijivu, na gari lote lilikuwa na joto fulani ambalo mlango haukuwa nalo. Nikamwomba msamaha na siku tatu zaidi, kisha nikashika njia kwenda kugombana na aliyetuchanganyia rangi. Nilibeba kipande cha bati tulichokijaribia.

Jamaa hakuinua sauti. Alilichukua lile bati, akaliweka juu ya kadi ya rangi ya kiwandani, akasimama nalo ndani ya duka, kisha akatoka nalo kibarazani, akarudi ndani, akatoka tena. Halafu akaniuliza, "Nyinyi mliangalia wapi?" Nikamwambia ndani, usiku, chini ya taa. "Taa gani?" Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Taa nyingi nyeupe za LED kwa hakika hutoa mwanga wa buluu, ambao hupitishwa kwenye unga wa njano ili jicho lione weupe. Zile za bei ya kutupa huwa na upungufu wa wekundu ndani ya huo weupe. Sasa rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zinaweza kupatana kabisa chini ya taa ya namna hiyo, zikifika juani zinatengana. Uwezo wa taa kuonyesha rangi jinsi ilivyo hupimwa kwa namba inayoandikwa Ra, na mwisho wake ni 100. Maboksi ya tyubu zangu yaliandikwa wati na neno "dhamana". Ra haikuwepo popote.

Nilimtafuta fundi wa stima, mzee mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ambaye kwa kweli ningemwita tangu mwanzo kama si kiburi cha shilingi mia chache. Hakugusa taa kwanza. Alizima swichi ya ukutani, akapanda ngazi, akafungua fitingi ya kwanza na kuingiza testa. Testa ikawaka.

"Umezima?"

"Nimezima, mzee."

"Njoo uone."

Aliyefunga nyaya za banda hili miaka hiyo aliipitisha nyutro, waya wa kurudishia umeme, kwenye swichi badala ya laivu, waya unaoleta umeme. Ukizima, taa inazimika kweli, lakini umeme wa volti 240 unabaki umekaa pale juu kwenye fitingi, unakungoja. Na mimi ndivyo nilivyobadilisha tyubu zote nane: swichi imezimwa, mkono mtupu, ngazi ya chuma. Mzee akanieleza ndiyo maana pia taa mbili zilikuwa zikibaki na mwanga hafifu usiku hata tukizima, jambo ambalo kijana wangu alikuwa ameshalitolea maelezo ya kishirikina. Nilishuka nikaketi juu ya debe la thina kwa muda. Mama wa chai akaniletea kikombe bila kuagizwa.

Mzee alizima meni swichi, ile kuu ya banda zima, akapima tena, testa ikanyamaza, ndipo akaanza kazi. Fitingi ya zamani ina vitu vitatu ndani: choki, yaani kile kipande kizito kinachovuma, stata, kikopo kidogo kinachoiamsha tyubu, na nyingine zina kapasita. Tyubu ya kale haiwezi kuishi bila choki, kwa sababu ndiyo inayouzuia umeme usikimbie ndani yake. Tyubu ya LED haina haja nayo. Kuna tyubu za LED zinazovumilia choki, ila hizo lazima ubadilishe stata uweke ile ya bandia inayokuja nazo. Nyingine hutaka laivu na nyutro upande mmoja, nyingine hutaka laivu ncha hii na nyutro ncha ile. Mfuko wangu wa mchuuzi ulikuwa mchanganyiko wa zote. Mbili zilizokataa hazikuwa zimeharibika, zilikuwa zimefungwa kwa namna isiyo yake. "Hii ni bahati yako," mzee akasema, na sikumwuliza ni bahati ya nini.

Tukakubaliana: choki, stata na kapasita zote zitoke, laivu ipite kwenye swichi, athi, waya wa usalama unaoenda ardhini, ifungwe kwenye mwili wa kila fitingi. Yeye alitaka tuweke taa kubwa za mwanga wa kumwaga, mbili tu, tumalize. Nikakataa. Mnyoosha bodi hasomi kibonyeo kwa kidole peke yake. Anasimama akaangalia taswira ya tyubu ikiwa imelala kwenye rangi kama mstari. Mstari ukinyooka, paneli imenyooka. Ukipinda mahali, hapo pana kazi. Taa ya duara haikupi mstari wa kusoma. Mzee alinyamaza, kisha akasema hilo alikuwa halijui, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilijisikia na mimi fundi.

Kununua ndiko kulikonichosha. Nilitembea Luthuli na River Road nusu siku na lile bati mkononi. Ningeingia dukani, niombe wawashe tyubu, niliweke bati juu ya kadi ya rangi, nitoke nje, nirudi. Dada mmoja wa duka aliniuliza kama nimekuja kununua taa au kuuza bati. Wengi hawakuwa wamewahi kuulizwa Ra. Waliniambia "hii ni nyeupe sana", "hii ni 6500", kana kwamba 6500 ni alama ya mtihani. Hiyo ni kelvini, inakwambia tu weupe umeelekea buluu au njano, haisemi lolote kuhusu ukweli wa rangi. Pia nilizipiga picha kila moja kwa kamera ya simu: ikiwa kwenye kioo kunapita mistari myeusi, hiyo taa inapepesa hata kama jicho halioni. Ni kipimo cha kienyeji, lakini kilinisaidia kukataa nyingi.

Kupepesa hakukuwa mchezo kwangu. Tyubu za zamani zenye choki, kwa umeme wetu wa hertzi 50, huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halikamati, ila kitu kinachozunguka hukamatwa. Kuna mchana mmoja nilimwona kijana akinyoosha mkono kuelekea diski ya polisha, nami nilipoitazama niliona kabisa kama imesimama. Ilikuwa inazunguka kwa kasi yote. Nilipiga kelele, akaruka. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiwakemea vijana kwa uzembe, kumbe lawama nyingine ilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Mwishowe nikapata tyubu za wati 18, kelvini 5000, Ra 90, zilizoandikwa kwamba zinavumilia volti 100 hadi 265. Zilinigharimu karibu mara tano ya zile za mchuuzi. Bati na kadi zilifanana ndani kama zilivyofanana nje, au kutofautiana kwake kulionekana ndani kama nje, na hilo ndilo nililolitaka.

Sita tulifunga juu na nne ukutani, zimesimama wima, kwa sababu mlango wa gari hautazami dari. Chumba cha kupigia rangi hatukuingiza taa hata moja. Mvuke wa thina unangoja cheche tu, basi tyubu mbili za ukutani ziko nje yake na mwanga unaingia kupitia kioo kilichozibwa vizuri. Kwenye kila fitingi mzee aliandika kwa kalamu nzito: LED TU, HAINA CHOKI. Mtu asije mwaka kesho akachomeka tyubu ya kale kwenye umeme wa moja kwa moja. Jirani sasa anachomelea mageti yake, nasi hatujui.

Choki za zamani zilichukuliwa na mtu wa mkokoteni kwa kilo, maana zina shaba. Tyubu zenyewe niliwakataza vijana kuzivunja, ingawa najua mlio wake unavyowavutia. Zina zebaki ndani. Nilizirudisha kwenye makaratasi na kuzipeleka kwa wanaokusanya taka za umeme.

Kuhusu tokeni za stima, hesabu ni rahisi. Zamani nane, zote zikiwaka, mara wati 45 hivi, pamoja na zile zinazoliwa na choki, ni 360. Sasa kumi mara 18 ni 180. Kwa saa kumi, siku 26, tofauti ni takriban yuniti 47 kwa mwezi. Nafurahi, sikatai, ila ningelipa hata kama zingeongezeka.

Mwalimu alirudi kuchukua gari. Mlango ulipita. Kisha akainama, akaonyesha mkwaruzo kwenye bampa ya mbele, mrefu kama kidole, ambao nina hakika aliuleta nao kutoka nyumbani na ambao hakuna aliyewahi kuuona ndani ya banda lile. "Na huu?" Tukaupiga msasa tukaupaka, bure.

Jioni hiyo kijana wa rangi alikuwa akifagia chini ya taa za ukutani, akasimama, akainua uso.

"Mkubwa, wateja wakija kuchukua magari, tusizime hizi nne?"