Tulivyogeuza tuta la reli kuwa njia ya miguu na baiskeli

Watu wakiniuliza kazi ngumu ilikuwa ipi, hutarajia nitaje kung'oa mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Ngumu ilikuwa kujua ardhi ni ya nani. Treni zikiacha kupita, wengi hudhani ukanda wote ni mali ya shirika la reli. Kumbe vipande vingine vilinunuliwa kabisa, na vingine shirika lilipewa haki ya kupitisha reli tu. Reli ikiondoka, mwenye shamba anaweza kudai chake. Tulishinda masjala ya ardhi tukilinganisha ramani na hati, kipande kwa kipande.

Kilichotufungulia mlango ni wazo la Marekani. Tangu 1983 sheria yao inaruhusu ukanda wa reli utumike kama njia ya watu huku ukihifadhiwa kwa treni za baadaye. Nasi hatukuomba kupewa ardhi. Tuliomba kuitunza kwa mkataba, na treni zikirudi, tutapisha. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kutusikiliza.

Mzee mmoja anayepakana na tuta alipinga vikali. Nilimwendea bila karatasi yoyote, tukasimama nyuma ya nyumba yake. "Mwanangu," akasema, "wapita njia sina neno nao. Sitaki watu wakae hapa wanachungulia uani kwangu." Alikuwa na haki. Benchi tulilokuwa tumepanga kuliweka pale tulilisogeza mbele, tukapanda ua wa miti.

Mataruma ya zamani yalilowekwa kreosoti, dawa yenye sumu ya kuhifadhi mbao, kwa hiyo tulikataza kuyachoma au kuyazungushia bustani za mboga. Udongo nao tuliupima, maana reli nyingi zilipuliziwa dawa za magugu zenye sumu ya arseniki.

Vijana walitaka kuanza na kushindilia njia. Mimi nilishikilia tuanze na maji, na hadi leo ningeshikilia vilevile. Makalvati, yaani mifereji ya kupitisha maji chini ya tuta, yalikuwa yamezibwa na tope na mizizi. Tulipozibua la kwanza, tao la matofali ndani lilikuwa zima kabisa, na maji yaliyokuwa yakilowesha tuta yakapata pa kupita. Wajenzi wa reli walijua kazi yao! Treni haiwezi mlima mkali, hivyo mwinuko kwa kawaida hauzidi mita 2 kwa kila mita 100. Ndiyo maana leo mwenye kiti cha magurudumu anapita bila kusukumwa.

Kokoto za reli tuliziacha ziwe msingi, juu tukashindilia changarawe laini, katikati pameinuka kidogo ili maji yamwagike pembeni. Upana ni mita 3. Penye makutano na barabara tuliweka nguzo zilizoachana mita 1.5: kiti cha magurudumu kinapenya, gari halipiti.

Daraja la chuma bado limefungwa. Mhandisi amelikagua na kusema nguzo ni imara. Linahitaji sakafu mpya na kingo ndefu za kumkinga mwendesha baiskeli. Kwa sasa njia inashuka hadi bondeni na kupanda ng'ambo, na pale watu wengi hushuka na kukokota baiskeli zao.