Bonde gani hilo?

Mkazi wa Njombe mjini anavaa sweta Julai nzima. Ukimwambia anaishi bondeni atakushangaa. Lakini kwa hesabu za watu wa maji yumo ndani ya Bonde la Rufiji, maana Mto Ruhuji unaopita mjini kwake unateremka hadi Kilombero, na maji ya Kilombero yanaishia Rufiji. Huku Nyanda za Juu Kusini neno hili limebebeshwa mizigo mingi kiasi kwamba ni afadhali kuuliza kwanza: bonde gani?

Tuanze na lile la maofisini, kwa kuwa ndilo linalowasumbua wengi. Bonde la maji ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake yanaelekea mto au ziwa moja: vilele, miteremko, mashamba ya chai, hata paa la kanisa. Tanzania Bara ina mabonde 9 ya namna hiyo, na mipaka yake haifuati mikoa. Matatu yanakutana jirani na jiji la Mbeya. Maji ya jijini yanaelekea magharibi, yanaingia Mto Songwe na kuishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Ukienda mashariki hadi Igurusi, maji yanashuka Usangu, kwa hiyo ni Rufiji. Ukivuka mgongo wa milima ya Uporoto kuelekea Tukuyu, maji ya Kiwira yanakwenda Ziwa Nyasa. Ofisi nazo zimetawanyika vivyo hivyo: Bonde la Ziwa Rukwa liko Mbeya, la Ziwa Nyasa liko Tukuyu, na la Rufiji makao yake ni Iringa. Mkulima wa Mbarali ni mtu wa mkoa wa Mbeya, lakini kibali chake cha maji kinatoka Bodi ya Rufiji.

Ukisikia "bonde la Songwe", uliza mara mbili. Mito ya jina hilo ni miwili. Mmoja ndio huo unaoingia Rukwa. Mwingine ni mpaka wetu na Malawi, unapita Kasumulu na kumwaga maji Ziwa Nyasa. Halafu kuna mkoa wa Songwe ulioanza 2016, na uwanja wa ndege wa Songwe ambao uko mkoa wa Mbeya. Kwenye fomu andika jina la mto, kijiji, na ziwa au mto mkubwa unakoishia.

Fomu ya kibali cha kutumia maji itakuuliza pia kiasi, na hapo wengi hubahatisha. Kama maji yanatoka kwenye bomba, kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde: ikijaa kwa sekunde 10, una lita 2 kwa sekunde. Kwa mfereji, tafuta kipande kilichonyooka cha mita 10, dondosha kijiti juu ya maji na upime muda. Tuseme kimetumia sekunde 20, yaani nusu mita kwa sekunde. Mfereji una upana wa nusu mita na kina cha sentimita 20, sawa na mita ya mraba 0.1. Zidisha: mita za ujazo 0.05, yaani lita 50 kwa sekunde. Usiandike 50. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruza udongo, kwa hiyo zidisha kwa 0.8 upate 40. Pima mwezi Oktoba au Novemba mwanzoni, maji yakiwa machache. Kipimo cha Machi kitakudanganya, na jirani wa chini ndiye atakayeumia.

Bonde la Usangu ni hadithi nyingine. Ukisimama Igawa huoni bonde lolote, unaona tambarare hadi macho yachoke. Linaitwa bonde kwa sababu milima imelikumbatia upande wa kusini na ardhi yake ilizama: ni tawi la Bonde la Ufa. Mto haukulichimba. Nchi ilipasuka, kipande kikashuka, ukuta ukabaki. Barabara ya Chimala kwenda Matamba inaupanda ukuta huo kwa kona 57. Rukwa na Nyasa nazo zimelala kwenye mipasuko hiyo hiyo, na Mlima Rungwe umesimama pale matawi yanapokutana. Kwa mwenye majaruba, jambo la kukumbuka ni banio, yaani lango la kuingizia maji ya mto mferejini. Mpunga ukishavunwa, lifungwe. Maji yanayozurura mashambani kiangazi hayafiki kinamasi cha Ihefu, na Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha karibu kila kiangazi tangu 1993.

Dar es Salaam "mabondeni" ni kule mafuriko yanakobomoa nyumba, Jangwani na kandokando ya Msimbazi. Iringa na Njombe ni kinyume chake: mwenye bonde ana mali, kwa kuwa ana kinyungu.

Vinyungu ni bustani za chini ya bonde dogo, zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini: mahindi ya kuchoma, maharage, kabichi, njegere. Inua tuta la upana wa mita moja hivi, na kati ya tuta na tuta chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 hadi 40. Kosa la kawaida ni kuchimba mtaro mrefu unaokwenda chini mno ili shamba "likauke vizuri". Linakauka kweli: udongo mweusi unasinyaa na kupasuka, na mwaka unaofuata chemchemi imeshuka. Ziba mtaro kwa udongo kila hatua chache ili maji yasimame mtaroni, chini kidogo ya tuta. Mikaratusi ukingoni ing'oe, panda migomba au majani ya ng'ombe.

Hatari ya pili ni baridi. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama chini kabisa, hivyo Juni na Julai jalidi, yaani umande ulioganda, huunguza maharage ya kinyungu huku ya mlimani yakibaki kijani. Mahindi na maharage yasubiri Agosti. Kabichi na njegere zinastahimili zaidi.

Na kabla ya jembe, pima kwa futi ya kamba kutoka ukingo wa mto. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na vinyungu vingi viko humo humo. Ndiyo maana kila kiangazi kuna mvutano kati ya wakulima na maofisa, na mwenye shamba lililo nje ya kipimo hana budi kuwa na mipaka inayoonekana, vigingi vya mti mkavu na siyo mstari wa majani.