Inchi 10 za Ziada Tremé

Bei ya usiku mmoja hotelini ingelipia chumba Magomeni mwezi mzima, na asubuhi ni mkate baridi. Basi. Kilichotupeleka New Orleans ni nyumba moja ya mbao mtaani Tremé, ya aina inayoitwa kwa jina la bunduki ya marisawa: milango yote ikiwa wazi, wanasema, ukifyatua mbele risasi zinatokea nyuma bila kugusa ukuta.

Upana wake ni chumba kimoja, futi 12 na kidogo, na vyumba vitano vimefuatana kama mabehewa. Ukumbi wa katikati hamna. Aendaye jikoni hukatiza vyumba vya kulala vya watu. Nikawa najiuliza, mkwe akija inakuwaje?

Tulipima chumba kimoja kimoja kwa ndani. Kuta nne za kugawa vyumba tukazikadiria inchi 4 na nusu kila moja, unene wa kawaida wa ukuta wa siku hizi, wa mifupa ya mbao na bodi za jasi pande mbili. Jioni kujumlisha, nyumba imezidi inchi 10 kuliko kipimo cha nje. Kesho yake tukarudia, kwenye joto la Agosti lisilo na upepo. Zilezile 10.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyetuokoa. Fremu za milango zilipigwa mbao pana za urembo, zikaficha unene wa kuta. Yeye akasogeza jokofu, akatuonyesha palipobanduka. Ndani hamna mifupa ya mbao. Ni mbao nzito zilizosimama wima, inchi 2 tu, zenye matundu ya vigingi yasiyo na kazi yoyote pale. Mbao za mashua! Zamani mashua bapa ziliteremka mto Mississippi na mizigo. Kupanda tena dhidi ya mkondo haziwezi, basi zilivunjwa mjini, mbao zikauzwa kwa wajenzi. Tofauti ya inchi 2 na nusu mara kuta nne, hesabu ikakaa.

Kwa nyumba kama hii, bana sifuri ya tepu kwenye kizingiti cha mbele, ipitishe milango yote hadi nyuma, na usome kila uso wa ukuta bila kuing'oa sifuri. Kosa la chumba kimoja halitahamia kingine. Mtu mmoja aishike katikati, maana tepu iliyolegea huongeza kipimo. Halafu pima ulalo wa kila chumba, kona hadi kona, pande zote mbili. Zisipolingana, pembe za chumba si mraba.

Chini, nguzo za matofali zilikuwa zinamomonyoka. Kuna aliyeziba viungo kwa saruji. Matofali yale ni laini: saruji ikifunga viungo, unyevu na chumvi hutokea kwenye tofali lenyewe, na uso wake hubanduka. Dawa ni chokaa. Mafundi wa Mji Mkongwe, Unguja, kosa hili wanalijua kwenye kuta zao za mawe.

Mtafiti John Michael Vlach aliifuatilia aina hii ya nyumba hadi Haiti, na nyuma zaidi kwa Wayoruba wa Afrika Magharibi. Mwaka 1809 wakimbizi wa Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, walimiminika mjini humu kutoka Cuba, huru na watumwa, na ujenzi wao wakaja nao.

Swali la mkwe nilimuuliza yule mama. Akacheka, akanionyesha kichochoro cha ubavuni: mgeni wa heshima huzungushwa nje, hadi mlango wa jikoni.