Kompyuta inazimika ukiwasha kamera: angalia kwanza inazimikaje

Kompyuta ikizimika katikati ya mkutano wa video, safari huwa ni ile ile: inapelekwa kwa fundi, fundi anapiga Windows upya, inatulia siku mbili, ya tatu inarudia. Kupiga Windows kunaponya maradhi ya programu tu. Hakutoi vumbi kwenye feni, hakumrudishii nguvu betri aliyechoka, wala hakuungi waya uliochubuka kwenye bawaba ya skrini. Ndiyo maana naomba Windows iwe hatua ya mwisho, na hatua ya kwanza iwe kutazama kwa makini kompyuta inazimika kwa namna gani.

Ukiandika barua, prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta) inapumzika karibu muda wote. Kwenye mkutano wa video haipumziki hata sekunde moja. Inapokea picha kutoka kwenye kamera, inazibana ili zipite kwenye intaneti, inafungua video za kila mshiriki anayeonekana, inaondoa mwangwi kwenye sauti, na ukiweka picha ya bandia nyuma yako inakukata wewe na kukutenga na ukuta mara 30 kwa sekunde. Kadi ya picha, Wi-Fi, maikrofoni na USB zote ziko kazini kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kamera mara nyingi inasingiziwa. Kiungo kilichokuwa dhaifu tangu zamani kimekutana na mzigo wa kweli kwa mara ya kwanza.

Namna ya kuzimika zipo nne. Ikikata pap, skrini nyeusi bila maandishi yoyote, shuku joto au umeme. Ikitoa skrini ya bluu, shuku draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Ikiganda, sauti ikikwaruza na kipanya hakisogei, shuku kadi ya picha, USB au RAM iliyojaa. Programu ya mkutano ikijifunga yenyewe huku Windows inaendelea vizuri, tatizo ni dogo: ifute, iweke mpya, zima vichujio vya sura na kamera za bandia zilizobaki kutoka programu nyingine. Hiyo ya nne sitairudia.

Usitegemee kumbukumbu ya kichwa, Windows inaandika kila kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, utaona kalenda yenye alama nyekundu kwenye kila siku ya ajali. Kisha rudia Windows na R, andika eventvwr.msc, fungua kumbukumbu ya System na utafute tukio namba 41 lenye jina Kernel-Power. Tukio hilo peke yake linasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuzimwa kwa utaratibu. Siri iko kwenye ukurasa wa Details, mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, mara nyingi umeme ulikatika au mashine ilijikata kabla Windows haijapata nafasi ya kusema lolote. Ukiwa na namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu hata kama hukuiona. Namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kawaida, wakati kwenye mitandao utakuta imeandikwa kwa mfumo wa 0x: 278 ni 0x116, yaani draiva ya kadi ya picha ilishindwa kuitika, 307 ni 0x133, draiva fulani imeshikilia prosesa muda mrefu kupita kiasi, 209 ni 0xD1, draiva imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, 26 ni 0x1A, RAM ichunguzwe, 292 ni 0x124, prosesa yenyewe imeripoti hitilafu ya vifaa.

Nianze na joto, kwa sababu kwa laptop zilizotumika ambazo wengi wetu tunanunua, ndilo la kwanza kukagua. Mashine iliyofanya kazi ofisini Ulaya miaka mitano au sita, ikaja kwetu kwenye vumbi, ina pesti (uji mzito unaopitisha joto) iliyokauka kama chokaa kati ya prosesa na bomba la shaba linalobeba joto. Inafungua barua pepe bila shida. Iweke kwenye mkutano wa dakika 20 na feni inalia, kisha kimya.

Pima kabla ya kushika bisibisi. Weka HWiNFO, programu ya kupima joto, fungua dirisha la vipimo, washa kitufe cha kurekodi ili vipimo vihifadhiwe kwenye faili, kisha ingia kwenye mkutano wa majaribio. Kompyuta ikikata, washa na usome mistari ya mwisho ya faili hilo. Nyuzi 70 hadi 85 wakati wa mkutano si tatizo kwa laptop. Ikikaa 95 na kupanda, prosesa inapunguza kasi yake kujiokoa, na kikomo kwa prosesa nyingi za Intel za laptop ni nyuzi 100 au 105. Ikishindwa kujipoza hata hapo, inakata umeme papo hapo bila kuaga. Ukiona kipimo cha mwisho ni nyuzi 62 na bado ilikata, acha joto, nenda kwenye umeme.

Kuna jaribio moja la bure ninalolipenda kuliko yote. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99, halafu powercfg /setactive scheme_current. Asilimia hiyo moja uliyoipunguza inazuia prosesa nyingi kupanda kwenye kasi ya ziada, ambayo ndiyo inayokula umeme na kutoa joto kali. Fanya jaribio chaja ikiwa imechomekwa, maana amri hiyo inagusa mpangilio wa chaja tu. Mkutano ukidumu saa nzima baada ya hapo, umeshajua: ni joto au umeme, si Windows wala kamera. Kurudisha, weka 100 mahali pa 99.

Kusafisha kwenyewe: fungua kifuniko cha chini, chomoa kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kitu kingine, na zuia panga za feni kwa kidole unapopuliza vumbi, kwa sababu feni ikizungushwa kwa upepo inaweza kuharibu beringi zake. Tope halisi la vumbi halipo kwenye panga. Limejibana kama blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, na halionekani mpaka utoe feni. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Prosesa ya laptop ni ndogo na haina kofia ya chuma, inatosha pesti ya ukubwa wa punje ya mchele. Kaza skurubu kwa kufuata namba zilizochongwa kando yake, kidogo kidogo, kwa mkingamo, si moja hadi mwisho ndipo nyingine. Na jambo ambalo mafundi wengi wanalikosea: vile vipande laini kama raba vinavyofunika chipu za pembeni vina unene maalumu, mara nyingi nusu milimita, milimita 1 au 1.5. Ukivitupa na kupaka pesti badala yake, pengo linabaki wazi, prosesa inapoa huku chipu za umeme zikiungua taratibu.

Umeme sasa. Kwenye Command Prompt andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili la battery-report.html inalokuelekeza. Linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo uliobaki sasa). Betri iliyobaki na theluthi moja ya uwezo wake inaweza kukata ghafla mzigo ukipanda, hata kama kiashirio kinasema asilimia 40. Angalia pia maandishi ya chaja: laptop iliyotoka kiwandani na chaja ya wati 65 ukiipa ya wati 45, itachaji vizuri ukiwa umelala na itayumba ukiwa mkutanoni. Betri ikiwa imevimba, na dalili yake ni padi ya kipanya kuinuka au kifuniko kutokufunga sawasawa, acha kuitumia siku hiyo hiyo wala usiitoboe. Kwa kompyuta ya mezani, kagua pawasaplai: kapasita zilizovimba kichwa zinaonekana kwa macho kupitia matundu yake. Usiifungue, ndani inabaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

USB inahitaji hesabu kidogo, na hesabu hii inaeleza mengi. Picha ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa ina baiti 2 kwa kila nukta, mara 30 kwa sekunde: karibu megabiti 995 kwa sekunde. USB 2.0 ina megabiti 480 kwenye karatasi, na kwa video kinachopatikana ni pungufu ya hapo. Hata 1280 kwa 720, ambayo ni megabiti 442, haipiti. Ndiyo sababu kamera inabana picha yenyewe kwa MJPEG (njia ya kubana kila picha peke yake), kompyuta inaifungua, halafu inaibana tena kwa ajili ya mkutano. Ukishusha kamera hadi 640 kwa 480 mzigo unapungua kila mahali kwa mpigo mmoja, na katika mkutano wa watu 12 hakuna atakayeona tofauti.

Kisha kuna milliampia. Porti ya USB 2.0 inatoa 500, ya USB 3.0 inatoa 900. Ukichomeka habu (kigawa porti za USB) isiyo na adapta yake ya umeme, vyote vilivyo juu yake vinagawana kilichopo. Modemu ya 4G peke yake inaweza kuhitaji karibu yote 500, na ndicho watu wanachofanya: modemu, kamera na hedifoni kwenye habu moja. Intaneti inakatika, kamera inapotea, draiva inachanganyikiwa, kompyuta inaganda. Modemu ipewe porti yake upande mmoja, kamera upande mwingine, na waya wa kurefushia usizidi mita 5.

Kamera iliyojengwa ndani ya laptop nayo ni ya USB, ila waya wake unapita kwenye bawaba. Miaka ya kufungua na kufunga inauchubua. Jaribio: ukiwa umewasha kamera, sogeza skrini polepole mbele na nyuma. Picha ikikatika au mashine ikiganda kwenye pembe fulani, umempata mhalifu. Izime kamera hiyo kupitia devmgmt.msc (orodha ya vifaa, iandike kwenye Windows na R), na ikiwezekana kwenye BIOS pia (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), utumie ya nje.

Kwa skrini za bluu, kwanza zuia kompyuta isijiwashe yenyewe: Windows na R, andika sysdm.cpl, ukurasa wa Advanced, sehemu ya Startup and Recovery, ondoa tiki kwenye Automatically restart na uchague Small memory dump. Ajali ijayo itaacha faili ndani ya C:\Windows\Minidump, na BlueScreenView, programu ya kusoma mafaili hayo, itakuonyesha draiva inayotajwa. usbvideo.sys ni kamera. igdkmd64.sys ni picha za Intel, nvlddmkm.sys ni za NVIDIA, amdkmdag.sys ni za AMD. RTKVHD64.sys ni sauti ya Realtek. Jina linaloanza na Netwtw ni Wi-Fi ya Intel, nayo huleta matatizo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. ntoskrnl.exe usiihukumu, huo ni moyo wa Windows, unatajwa kwa sababu ajali iliripotiwa hapo.

Kamera ikiwa ndiyo inayotajwa, itoe kwenye draiva ya kiwandani na uipe ya Windows: kwenye devmgmt.msc chagua kamera, Update driver, chagua mwenyewe kutoka kompyuta hii, kisha orodha ya zilizopo, na uchukue USB Video Device. Kadi ya picha ikiwa ndiyo inayotajwa, ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na draiva za lazima tu), safisha kwa programu ya Display Driver Uninstaller, halafu weka draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptop yako. Kabla ya hayo jaribu kuzima msaada wa kadi ya picha kwenye kivinjari, kupitia chrome://settings/system. Ajali zikikoma, draiva ya picha ina hatia. Lakini usiache hivyo milele kwenye mashine yenye joto, kwani kazi yote inahamia kwa prosesa. Na baada ya kila badiliko chagua Restart, si Shut down: Windows yenye Fast Startup (mpangilio wa kuwaka haraka) ikizimwa huhifadhi hali ya draiva na kuirudisha kama ilivyokuwa.

RAM ya GB 4 haitoshi tena kwa mkutano kwenye kivinjari chenye tabu kumi. GB 8 inatosha. Ukinunua kwa laptop ya Intel ya kizazi cha 4 inayotumia DDR3, hakikisha kijiti kimeandikwa DDR3L, volti 1.35, cha volti 1.5 hakiifai. Kwa kupima, mdsched.exe iliyomo ndani ya Windows inakamata hitilafu kubwa, programu ya MemTest86 kwa mizunguko 4 inakamata zilizojificha. Kosa likionekana, pima kijiti kimoja kimoja, kisha kile kile kwenye nafasi nyingine, maana wakati mwingine mbovu ni nafasi yenyewe.

Na mkutano ukiwa saa moja ijayo huku bado hujajua tatizo: weka ile asilimia 99, ondoa picha ya bandia nyuma yako, shusha kamera hadi 640 kwa 480, ficha video za wengine uone mzungumzaji tu, inua laptop juu ya vitabu viwili pembeni ili tumbo lake lipumue, chomeka chaja yake halisi, na ingia kwa simu ya mkononi kama mshiriki wa pili ukiwa umezima sauti na maikrofoni yake.